Kosa la Wakili, Hasara ya Mteja: Historia ya Utetezi wa Mawakili dhidi ya Madai ya Uzembe na Malalamiko ya Maadili, kwa Kurejelea Nyakato, Mwanza, 1920–2024

Utangulizi

Katika maandishi ya historia ya sheria nchini Tanzania, wakili huonekana akiwa amesimama upande mmoja tu, upande wa kumtetea mwingine. Humtetea mshitakiwa wa uchochezi, mfanyabiashara anayedaiwa na benki, mwanakijiji aliyeondolewa kwenye ardhi yake. Ni nadra kumkuta yeye mwenyewe akihitaji kutetewa, ama mbele ya mahakama anapodaiwa fidia kwa uzembe, ama mbele ya Kamati ya Mawakili anapolalamikiwa kwa kukiuka maadili ya taaluma yake. Insha hii inachunguza upande huo wa pili, kuanzia kuundwa kwa Mahakama Kuu ya Tanganyika mwaka 1920 hadi mwaka 2024. Swali linaloiongoza ni jinsi ulinzi wa wakili ulivyojengwa, na nani aliyeulipia gharama.

Hoja inayotolewa ni kwamba wakili wa Tanzania hakuhitaji kinga ya wazi dhidi ya mteja wake, kama ile waliyoipata mabarista wa Uingereza, kwa kuwa alilindwa kwa njia ya mzunguko. Ukomo wa muda, kiwango cha ushahidi katika mashauri ya nidhamu, na msimamo wa mahakama kwamba kosa la wakili humwangukia mteja, vilifanya kazi ileile bila mtu yeyote kulazimika kutamka neno kinga. Ulinzi huo ulikuwa imara dhidi ya mteja mnyonge. Dhidi ya dola ulikuwa dhaifu, kama mashauri ya baada ya mwaka 2019 yalivyoonyesha.

Kata ya Nyakato, iliyo kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma katika Manispaa ya Ilemela, haikuchaguliwa kwa sababu ya kesi mashuhuri. Imechaguliwa kwa sababu ya mashauri yasiyo na umaarufu: kiwanja kilichouzwa mara mbili, nyumba iliyowekwa rehani, mirathi ya mzazi aliyefariki bila wosia. Hayo ndiyo mambo yanayomfanya mtu wa kawaida amtafute wakili, pengine mara moja tu maishani mwake. Mtu huyo hana uzoefu wa kumpima wakili aliyemkuta, wala hana namna ya kumlinganisha na mwingine.

Mji wa pamba na mawakili wa wachache

Mwanza ilianza kama kituo cha Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Reli kutoka Tabora ilipofika ziwani mwaka 1928, mji ukawa mlango wa pamba ya Usukuma, na shughuli za kisheria zikafuata pamba. Palihitajika mikataba ya ununuzi, rehani za majengo, madai ya mizigo iliyoharibika njiani. Hizo zilikuwa shughuli za wenye vinu vya kuchambulia pamba, wenye maduka na wenye meli, na mawakili wachache waliofungua ofisi waliwahudumia hao.

Mkulima wa Kisukuma hakuwa katika mzunguko huo, na haikuwa kwa sababu ya umaskini pekee. Ordinansi ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliwazuia mawakili kufika katika mahakama ambazo Waafrika wengi walipelekwa, na rufani zake zikapanda kupitia maofisa wa utawala hadi kwa Gavana badala ya kwenda Mahakama Kuu. Ordinansi ya mwaka 1951 ilibadili muundo wa mahakama hizo lakini ikauacha mzuio. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyounganisha mahakama zote katika mfumo mmoja baada ya uhuru, iliurithi kwa Mahakama za Mwanzo, na sheria iliyoirithi mwaka 1984 ikauhifadhi tena. Serikali ya kikoloni na serikali ya wananchi, zilizotofautiana karibu katika kila jambo, zilikubaliana katika hili: wakili huchelewesha, huleta ugumu wa lugha na kanuni, na humpa mwenye fedha nguvu asiyostahili.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo mzuio ulikuwa na tokeo ambalo waliouweka hawakulitaja. Kwa vizazi viwili au vitatu, sehemu kubwa ya jamii ya kandokando ya ziwa ilijifunza mambo ya mahakama bila kujifunza namna ya kuwa mteja. Aliyehitaji msaada alimwendea mwandishi wa barua, karani mstaafu, au mtu ambaye baadaye lugha ya mtaani ilimwita kishoka. Sheria ya Mawakili inaharamisha kazi ya uwakili kwa asiyesajiliwa, tena inataka kila hati ibebe jina na anwani ya aliyeiandaa. Kishoka, kwa hiyo, hukwepa kuandika jina lake. Mteja aliyezoea hati zisizo na mwandishi hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mwandishi wa hati anaweza kuwajibishwa.

Kamati na uzani wa ushahidi

Mfumo wa nidhamu unaotumika hadi leo una msingi wake katika ordinansi mbili za mwaka 1954. Moja ilihusu mawakili wenyewe, na sasa ni Sura ya 341 ya Sheria za Tanzania. Nyingine ilianzisha Chama cha Wanasheria wa Tanganyika. Kamati ya Mawakili iliyomo katika sheria hiyo ya kwanza ina sura ya mapatano kati ya mihimili. Jaji wa Mahakama Kuu anayeteuliwa na Jaji Mkuu huketi pamoja na mwakilishi wa Serikali kutoka upande wa Mwanasheria Mkuu, na wakili anayependekezwa na Baraza la Chama. Kamati inaweza kuliondoa jina la wakili katika daftari la mawakili, kumsimamisha kwa muda, au kumkaripia. Asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu.

Miaka miwili baada ya ordinansi hizo, shauri kutoka nchi jirani liliweka kanuni ambayo kila mtetezi wa wakili katika Afrika Mashariki ameitegemea. Katika shauri la Bhandari dhidi ya Kamati ya Mawakili, lililotoka Kenya na kuamuliwa mwaka 1956 na Baraza la Faragha jijini London, ambalo wakati huo lilikuwa ngazi ya mwisho ya rufani kwa makoloni, ilielezwa kwamba tuhuma ya utovu wa maadili yenye chembe ya udanganyifu au uovu wa tabia hudai ushahidi wa kiwango cha juu. Mizania ya kawaida ya uwezekano, inayotosha katika shauri la madai, haitoshi kumhukumu mwanataaluma kwa tuhuma ya aina hiyo.

Kanuni hiyo ina haki ndani yake. Kumfuta wakili ni kumnyang'anya riziki na jina kwa pamoja, na adhabu ya namna hiyo haipaswi kutolewa kwa kukisia. Lakini kanuni ya ushahidi hufanya kazi tofauti kulingana na aliyeshika karatasi. Katika uhusiano wa wakili na mteja wa Nyakato, mwenye jalada ni wakili. Maelekezo hutolewa kwa mdomo, fedha mara nyingi hukabidhiwa kidogo kidogo bila stakabadhi, na nakala za hati hubaki ofisini. Mlalamikaji anapoulizwa athibitishe kwa uzito wa juu kwamba alitoa maelekezo tarehe fulani, au kwamba fedha alizotoa zilikuwa za ada ya mahakama na si za ujira wa wakili, huwa anaombwa kitu kilichomo ndani ya kabati la mtu anayemlalamikia. Wakili mwenye busara huandika kila kikao na mteja na kuomba sahihi yake, na watetezi wa mawakili hufundisha hivyo kama kinga ya kwanza. Asiyeandika chochote, kwa bahati mbaya, hakuwa katika hatari kubwa kuliko yule aliyeandika.

Palikuwa pia na umbali. Kati ya Mwanza na Dar es Salaam, ambako taasisi za taaluma ziliwekwa, kuna zaidi ya kilomita 1,000. Inafaa kulinganisha hali hiyo na nidhamu ya mahakimu. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliweka kamati za maadili za mikoa na wilaya, chini ya Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya. Mkazi wa Ilemela mwenye lalamiko juu ya tabia ya hakimu alipewa mahali karibu pa kulipeleka. Juu ya wakili wake mwenyewe, aliyemlipa kwa fedha zake, alielekezwa kwenye chombo cha kitaifa. Mtu anaweza kuuliza maswali mengi kuhusu busara ya kuwakabidhi wakuu wa mikoa nidhamu ya mahakimu, lakini kwa upande wa ukaribu tofauti hiyo inaonekana bila miwani.

Kinga ya Uingereza na njia ya Afrika Mashariki

Nchini Uingereza suala la wakili kudaiwa fidia lilijadiliwa waziwazi. Mwaka 1967, katika shauri la Rondel na Worsley, Baraza la Malodi lilithibitisha kwamba barista hawezi kudaiwa kwa uzembe katika uendeshaji wa kesi mahakamani. Sababu zilizotolewa zilikuwa za masilahi ya umma: barista ana wajibu kwa mahakama unaozidi wajibu wake kwa mteja, na madai ya namna hiyo yangefufua kesi zilizokwisha kuamuliwa. Solisita, anayeandaa hati na kukutana na mteja ofisini, hakuwa na kinga pana kama hiyo. Mwaka 2000, katika shauri la Arthur J. S. Hall na Simons, Baraza hilohilo likaiondoa kinga iliyobaki.

Tanganyika ilirithi sheria za Uingereza kwa tarehe maalumu, 22 Julai 1920, na Ordinansi ya Mahakama na Matumizi ya Sheria ya mwaka 1961 ikaihifadhi tarehe hiyo baada ya uhuru. Uamuzi wa mwaka 1967, kwa hiyo, ulifika Dar es Salaam na Mwanza ukiwa wa kushawishi tu. Tena mgawanyo wa barista na solisita haukuwapo. Wakili wa Afrika Mashariki alikuwa mtu mmoja mwenye kofia zote mbili: asubuhi alihoji mashahidi, mchana aliandika mkataba wa mauziano, na jioni alishuhudia viapo. Kinga iliyotolewa kwa kofia moja isingeweza kumkaa vizuri.

Kenya ilipata kipimo chake mapema. Katika shauri la Champion Motor Spares na Phadke, lililoripotiwa mwaka 1969, ilielezwa kwamba wakili hawajibiki kwa kosa la busara la maamuzi wala kwa kutojua jambo la sheria lililojificha, bali huwajibika kwa uzembe mkubwa na kwa kutojua mambo ya msingi yanayojitokeza kila siku katika kazi yake. Baadaye nchi hiyo ilianzisha tume maalumu ya malalamiko dhidi ya mawakili mwaka 1989, na kanuni za mwaka 2004 zikawataka mawakili wawe na bima ya kufidia hasara za kitaaluma. Bima hubadili hali ya shauri. Mdaiwa anayetetewa na kampuni ya bima hupigania kiasi cha fidia, ilhali mdaiwa asiye na bima hupigania nyumba yake, na hukataa hata kosa linaloonekana.

Tanzania katika miaka hiyo ilikuwa katika safari nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ziliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na mwaka 1970 likaundwa Shirika la Sheria Tanzania kuyahudumia. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971 iligusa moja kwa moja wamiliki wa Kiasia, ambao ndio waliokuwa wateja wa mawakili wengi wa miji kama Mwanza. Uwakili wa kujitegemea ukasinyaa. Katika hali hiyo si ajabu kwamba swali la mteja binafsi kumdai wakili binafsi halikupewa nafasi, kwani pande zote mbili za swali zilikuwa zikipungua.

Saa ya Nyakato

Hali ilibadilika kuanzia miaka ya 1990. Uchumi ulifunguliwa, Mwanza ikakua kwa samaki, biashara na viwanda, na maeneo ya pembezoni kama Nyakato yakajaa makazi haraka kuliko wapima ardhi walivyoweza kufuata. Sheria za ardhi za mwaka 1999 ziliweka misingi mipya, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ikaanzisha Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, ambamo wakili anaruhusiwa kufika. Hapo ndipo mtu ambaye babu yake alizuiwa kuwa na wakili alipoanza kumhitaji, kwa kuwa upande wa pili alikuwa naye.

Ili kuona jinsi ulinzi wa wakili unavyofanya kazi, inatosha kulifuata shauri la kawaida kwa hatua zake, bila kumhusisha mtu yeyote halisi. Mkazi ameshindwa katika Baraza kuhusu kiwanja alichonunua mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ana siku 45 za kukata rufani Mahakama Kuu. Amelipa. Wakili, aliyekuwa na vikao vingine Shinyanga au Bukoba, anaiwasilisha siku ya 50. Mahakama inaitupa rufani kwa kuwa nje ya muda. Hakuna aliyesikiliza kama kiwanja kilikuwa chake au la.

Njia iliyobaki ni kuomba kuongezewa muda, na kwa hilo lazima ionyeshwe sababu ya kutosha. Msimamo wa Mahakama ya Rufani katika jambo hili umekuwa mkali tangu miaka yake ya mwanzo. Katika shauri la Calico Textile Industries la mwaka 1983, kushindwa kwa wakili kuihakiki sheria hakukukubaliwa kuwa sababu. Shauri la Umoja Garage dhidi ya Benki ya Taifa ya Biashara, lililomo katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1997, lilikazia kwamba wakili kutokuwa makini si sababu ya kutosha. Ulitokea msimamo wenye huruma zaidi. Katika ombi la mwaka 2007 lililosajiliwa Tabora, dhidi ya Halmashauri ya Mji wa Shinyanga, ilikubaliwa kwamba mawakili ni binadamu, hukosea, na kwamba kila kosa lipimwe kwa mazingira yake. Lakini mlango huo ulifunguliwa kwa wakili aliyeteleza akiwa anafanya bidii. Kadiri uzembe unavyokuwa mkubwa, ndivyo mteja anavyozidi kukosa nafuu. Mteja wa wakili makini aliyekosea kidogo husaidiwa. Mteja wa wakili asiyejali kabisa huambiwa kwamba uzembe ni wake.

Kuna ugumu mwingine ambao haujapewa uzito unaostahili. Ombi la kuongezewa muda husimama juu ya kiapo. Katika shauri la Benki ya Taifa ya Biashara dhidi ya Superdoll Trailer Manufacture Company, la mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kiapo kinachomtaja mtu mwingine hubaki kuwa maneno ya kusikia hadi mtu huyo naye aape. Kwa hiyo mteja hawezi kuapa peke yake kwamba wakili alichelewa kwa sababu fulani, maana jambo hilo analijua wakili. Ushahidi unaoweza kumwokoa mteja ni kiapo cha wakili aliyekosea, akikiri kosa lake kwa maandishi, kwa sahihi yake, mbele ya kamishna wa viapo.

Na kiapo hicho, kikishawekwa katika kumbukumbu za mahakama, ndicho ushahidi wa kiwango cha juu ambao Kamati ya Mawakili ingeuhitaji, na ndicho kinachoweza kutumika katika madai ya fidia. Wakili anayetetea masilahi yake mwenyewe hana sababu ya kukitia sahihi. Akishauriwa na mwenzake, ushauri wa kawaida ni kukaa kimya, au kuapa kwa lugha inayotaja ugonjwa, msiba, au karani aliyeiweka hati pasipo pake. Karani, ikumbukwe, hana chama cha kumtetea. Hapa masilahi ya wakili na ya mteja hugawanyika kabisa wakati wakili bado anamwakilisha. Kanuni za maadili, zikiwamo zile za mwaka 2018, zinakataza mgongano wa masilahi. Lakini mgongano huu hautokani na tamaa ya mtu. Hutokana na kanuni mbili za mahakama ambazo kila moja, ikisimama peke yake, ina mantiki.

Mteja akichoka na njia hiyo na kuamua kumdai wakili, saa huanza kuhesabu upya. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa miaka mitatu kwa madai ya uzembe na miaka sita kwa madai ya mkataba. Ombi la kuongezewa muda, pamoja na rufani zake, linaweza kuimaliza miaka mitatu bila mtu kufanya ajizi. Akifungua shauri kwa wakati, atatakiwa athibitishe kwamba rufani iliyotupwa ingeshinda. Yaani ile kesi ya kiwanja ambayo hakuna aliyeisikiliza sasa isikilizwe ndani ya kesi nyingine, mara hii mpinzani akiwa wakili aliyekuwa akiitetea. Wakili huyo ataeleza, na kwa sheria ana haki ya kueleza, kwamba kesi ya mteja wake ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Hiyo ndiyo hoja ya utetezi inayotumika zaidi duniani katika madai ya namna hii, na mara nyingi ni ya kweli. Kwa mtu wa Nyakato aliyeambiwa siku ya kulipa kwamba kesi yake ni nzuri, kuisikia kinywani mwa wakili yuleyule ni jambo gumu kulielewa.

Akienda Kamati ya Mawakili badala ya mahakama, hatakutana na ugumu wa kesi ndani ya kesi. Lakini adhabu za kufutwa, kusimamishwa na kukaripiwa humlenga wakili. Kiwanja hubaki kwa aliyeshinda.

Kifungu cha 22

Wakili anayelindwa hivyo dhidi ya mteja alikuwa wazi upande mwingine. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Mawakili kinampa jaji wa Mahakama Kuu mamlaka ya kumsimamisha wakili kwa muda, bila kusubiri Kamati ikae. Mwezi Septemba 2019 mamlaka hayo yalitumika dhidi ya Fatma Karume, aliyekuwa amemaliza kipindi chake cha urais wa Chama cha Wanasheria wa Tanganyika mwaka huohuo. Alisimamishwa katika uamuzi wa shauri la kikatiba lililopinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu, kutokana na maneno yaliyokuwa katika hoja zake za maandishi. Suala hilo lilifika mbele ya Kamati, Mwanasheria Mkuu akiwa upande wa pili, na mwezi Septemba 2020 jina lake likaondolewa katika daftari. Mwezi Juni 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi wa Kamati.

Katika shauri la aina hii zile ngao zote zilizotajwa hazina kazi. Hakuna ukomo wa muda, kwa kuwa mlalamikaji yumo ndani ya chumba cha mahakama. Hakuna mgogoro wa ushahidi, kwa kuwa maneno yako kwenye karatasi. Umbali si kitu kwa ofisi ya Serikali. Kinachobaki ni hoja ya haki ya kusikilizwa, iliyomo katika ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na swali la kama maneno ya wakili katika kumtetea mteja yanaweza kuhesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Kwa maneno mengine, kinachobaki ni msingi uleule wa masilahi ya umma uliotumika Uingereza mwaka 1967, ambao Tanzania haikuwahi kuujadili kwa kina kwa sababu ulinzi wa mzunguko ulikuwa umetosha.

Mwaka 2024 nguvu ya rekodi ya kinidhamu ilionekana mahali pengine. Jina la Boniface Mwabukusi liliondolewa katika orodha ya wagombea urais wa Chama cha Wanasheria kutokana na adhabu ya kinidhamu aliyokuwa amepewa kwa kauli zake kuhusu mkataba wa bandari. Mahakama Kuu ililirejesha mwezi Julai, na mwezi Agosti mawakili wenzake wakamchagua. Wapo wanaoyasoma mashauri haya mawili kama siasa tupu. Usomaji huo unaacha jambo moja nje. Mfumo wa nidhamu ambao mwakilishi wa Mwanasheria Mkuu ana kiti ndani yake, na ambao Mwanasheria Mkuu anaweza kuufikia kama mlalamikaji, ungezua mashaka hata kama pasingekuwa na siasa. Mawakili walipolalamika kwamba Kamati ni rahisi kwa Serikali na ngumu kwa wengine, walikuwa wakisema jambo ambalo wateja wa kawaida wangeweza kulisema kwa sababu tofauti kabisa.

Mabadiliko ya karibuni

Ibara ya 107A ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Imetajwa mara nyingi na waombaji wa kuongezewa muda, kwa mafanikio haba. Kifungu kidogo kingine cha ibara hiyohiyo, kinachotaka watu walioathirika kwa makosa ya wengine walipwe fidia ipasavyo, hakitajwi sana, ingawa ndicho kinachomgusa mteja wa wakili mzembe moja kwa moja. Marekebisho ya mwaka 2018 yaliyoingiza lengo kuu la kutenda haki kwa wepesi na gharama nafuu katika sheria za mwenendo wa madai yalisaidia katika kasoro za hati. Ukomo wa muda yaliuacha ulivyo.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao katika mitaa ya Ilemela wanaweza kumwonyesha mtu wapi pa kupeleka lalamiko kabla muda haujapita. Na mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kabla ya hapo kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mteja aliyetia sahihi kiapo chake mara nyingi alitia sahihi maneno aliyotafsiriwa na wakili yuleyule ambaye baadaye angetaka kumlalamikia. Mwaka huohuo wa 2021 mzuio wa mawakili katika Mahakama za Mwanzo ulilegezwa, wakaruhusiwa kufika pale ambapo shauri linasikilizwa na hakimu mkazi. Mashauri madogo ya Nyakato, ya deni la shilingi laki chache au mirathi ya nyumba ya vyumba vitatu, sasa yanaweza kuwa na wakili tangu siku ya kwanza, na hati zake zikiwa katika lugha ambayo mwenye shauri anaweza kuisoma mwenyewe, pamoja na tarehe iliyogongwa mhuri na jina la aliyeziandaa.